Nyumba Chakavu Ina Bei Mbili



Juma lililopita ilinifikia barua ya dada mmoja wa Tanga, mwalimu wa shule ya msingi, aliyeniomba nisimtaje jina. Yeye na mumewe wamepanga vyumba viwili kwa miaka 11, watoto sasa ni wanne, na katika muda huo wamejinyima mpaka wakajaaliwa akiba ya shilingi milioni 18. Imetokea nyumba inauzwa Ngamiani, nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita, ukumbi katikati, baraza mbele na ua nyuma. Bei ni milioni 48. Kwa mahali ilipo, bei hiyo ni ya kuvutia, na sababu yake inaonekana tangu barabarani: bati limeliwa na kutu mpaka limetoboka, lipu inabomoka, choo cha uani kimejaa, na ukuta wa chumba cha nyuma una ufa unaoingia kidole.

Mumewe amekwenda benki yenye huduma za Kiislamu, akaelezwa kuwa benki iko tayari kuinunua nyumba hiyo kwa ubia pamoja nao. Amefurahi mno, na haki yake. Anataka milioni 18 zote ziwe mchango wao katika ununuzi ili fungu la benki liwe dogo. Dada alipomuuliza habari za bati, alijibiwa kuwa hayo yatajulikana mbele kwa mbele. Kuna dhahabu zake dada zipatazo milioni nne, na kuna bwana mmoja mtaani anayekopesha bila maswali mengi. Swali la dada ni fupi: je, nyumba iliyonunuliwa kwa njia ya halali na kuezekwa kwa mkopo wa riba, ni nyumba ya namna gani?

Swali hili ni zito kuliko linavyoonekana, na nimeamua kulipa ukurasa wote.

Nyumba chakavu ina bei mbili. Ya kwanza hutajwa na muuzaji, na hiyo ndiyo watu huifanyia majadiliano, istikhara, vikao na dua. Ya pili haitajwi na mtu. Imejificha darini, ndani ya kuta na chini ya sakafu, na hujitokeza siku bati la zamani linaposhushwa. Muislamu mwenye hofu ya Mwenyezi Mungu hujitahidi sana kuisafisha bei ya kwanza. Huuliza mashekhe, huzunguka benki tatu, husoma mkataba. Bei ya pili humkuta hana kitu mfukoni, nyumba iko wazi, watoto wako ndani. Hapo ndipo riba humwingilia, kwa kuwa mkopeshaji wa kausha damu hahitaji kukushawishi. Anahitaji tu kusubiri wingu.

Nasema haya kwa kuwa nusura nami yanikute. Nilipoinunua nyumba ninayokaa nilitoa kila senti niliyokuwa nayo, kisha nikashusha bati mwezi wa Februari nikiamini kwamba mbao na bati vitapatikana kabla ya masika. Masika yalitangulia. Tulihamishia vitanda ukumbini chini ya turubai, na usiku wa tatu nilikuwa nimekwisha kuvaa viatu kwenda kwa mkopeshaji asubuhi yake. Aliyeniokoa hakuwa mimi wala elimu yangu. Mke wangu alikuwa katika upatu wa wanawake 12, zamu yake ilikuwa bado miezi mitano, akamwendea kijumbe akaomba abadilishane zamu na mwenzake. Upatu ule, ambao mimi nilikuwa nikiuita mchezo wa akina mama, ndio ulioezeka nyumba yangu.

Basi jambo la kwanza kwa dada na mumewe ni kuijua bei ya pili kabla ya kutia saini bei ya kwanza. Haiwezekani kuijua kwa kusimama barazani. Mchukueni fundi mwashi na fundi seremala, kila mmoja kwa ujira wake wa siku, ili asiwe na tamaa ya kupata kazi yenyewe. Fundi anayetarajia kazi hupunguza makadirio ili usikimbie. Seremala apande darini atoboe kenchi kwa bisibisi, maana mchwa huacha ngozi ya mbao na kula moyo wake. Mwashi auangalie ule ufa. Ufa mwembamba wa lipu si neno, lakini ufa unaopanda kwa ngazi kufuata maungio ya matofali, mpana juu kuliko chini, mara nyingi ni habari ya msingi uliotitia, na msingi hauponi kwa lipu mpya. Kwa kuwa Tanga ni pwani, aangalie pia linta: hewa ya chumvi huozesha nondo, nondo huvimba, na zege hupasuka kutokea ndani. Fundi umeme naye asisahaulike, kwani nyaya za miaka 40 hazionyeshi uchakavu wake mpaka ziungue.

Nimechukua maelezo ya barua nikayapeleka kwa fundi ninayemwamini, anipe makadirio ya mfano tu. Paa, yaani kenchi, mbao na bati, milioni 6.5. Ufa na lipu, milioni 2.8. Choo na shimo lake, milioni 2.2. Umeme, milioni 1.4. Sakafu, milioni 1.5. Milango na madirisha, milioni 1.6. Jumla yake ni milioni 16, na kila aliyewahi kukarabati anajua kuwa inampasa aongeze walau sehemu moja ya kumi kwa yale yasiyoonekana. Tukiahirisha sakafu, milango na madirisha, ambavyo mtu anaweza kuishi navyo hivyo hivyo kwa mwaka mmoja au miwili, zinabaki milioni 12.9 ambazo haziahirishiki. Katika hizo, vifaa ni kama milioni 9, na ufundi kama milioni 3.9. Mgawanyo huu wa vifaa na ufundi tuukumbuke, tutauhitaji.

Lakini kabla ya bati, karatasi. Barua inasema nyumba ni ya urithi: mzee amefariki, wamebaki wana wawili wa kiume na mabinti wawili, na aliyetaja bei ni kaka mkubwa peke yake. Kaka mmoja yuko Muscat. Kwa mgawanyo wa sharia, ikiwa hakuna warithi wengine, nyumba hiyo ni mafungu sita: kila kaka mawili, kila dada moja. Kaka mkubwa anamiliki theluthi, na anauza nyumba nzima. Je, ameteuliwa na mahakama kuwa msimamizi wa mirathi? Mjane wa marehemu yu hai? Kama yu hai, ana thumni yake, na hesabu yote hubadilika. Dada zake wameridhia kwa ndimi zao, au wameambiwa tu kwamba nyumba inauzwa? Nyumba ngapi katika miji yetu ya mwambao zimeuzwa na kaka mkubwa, dada akapewa doti mbili za khanga na kuombewa dua! Anayenunua huku anajua, au huku anakwepa kujua, hawezi kusema kuwa hilo ni la warithi wenyewe.

Kuna na haki ya shufaa, ambayo imesimama juu ya hukumu ya Mtume (s.a.w.) katika mali ya shirika isiyogawanywa: mshirika akitaka kulinunua fungu la mwenzake, ana haki ya kutangulizwa mbele ya mgeni. Kwa Mashafii haki hiyo ni ya mshirika peke yake, ilhali Mahanafi humwingiza na jirani. Basi kama yuko dada anayetaka kubaki na nyumba ya baba yake kwa bei ile ile, aulizwe kwanza. Pia waulizwe wazee wa mtaa kama nyumba si wakfu, maana wakfu hauuzwi hata warithi wote wakitia vidole gumba. Na iangaliwe kodi ya ardhi inayodaiwa na kama hati bado iko kwa jina la marehemu. Gharama ya kuyanyoosha hayo nayo ni sehemu ya bei ya pili, wala benki haitatoa fedha kabla hayajanyooka.

Sasa tuingie katika mkataba wa benki, ambao ndio kiini cha barua.

Kinachopendekezwa kinaitwa musharaka mutanaqisa, ubia unaopungua. Benki na familia wananunua nyumba pamoja. Familia inakaa, inailipa benki pango la lile fungu la benki, na pole pole inayanunua mafungu hayo mpaka nyumba yote iwe yake. Kwa mujibu wa barua, nyumba imegawanywa hisa 16 za milioni tatu tatu. Kwa milioni 18 familia itakuwa na hisa 6 na benki 10. Pango ni 35,000 kwa hisa kwa mwezi, na kila mwaka familia inunue hisa moja, yaani iweke 250,000 kwa mwezi. Jumla ya mwezi wa kwanza ni 350,000 na 250,000, laki sita kamili. Dada ameandika kuwa wakijumlisha na kodi wanayolipa sasa, uwezo wao kwa mwezi ni hizo laki sita. Ndiyo maana mume amefurahi: hesabu imeingia bila kubaki shilingi.

Hapo ndipo palipo na kasoro. Imeingia kwa sababu bati halimo.

Wakibakisha milioni 6 mkononi na kuingia na milioni 12, watakuwa na hisa 4 na benki 12. Pango litapanda kwa 70,000 kwa mwezi, jambo ambalo mume hataki kulisikia. Lakini tazameni upande wa pili. Akichukua milioni tatu tu kwa yule bwana wa mtaani, na tukadirie ongezeko la asilimia 10 kwa mwezi, ambalo kwa wakopeshaji wa namna hiyo ni la huruma, mwezi mmoja unazaa 300,000. Amekimbia 70,000 za pango la halali akazikimbilia laki tatu za haramu. Hata hivyo nisieleweke vibaya. Riba haikuharamishwa kwa kuwa ni ghali. Ingekuwa rahisi kuliko pango, bado ingekuwa ndiyo ile ile iliyokatazwa katika Surat al-Baqara. Hesabu nimeiweka kwa ajili ya wale ambao hujitetea kwa dharura, kisha dharura yenyewe wameitengeneza kwa mikono yao siku ya kutia saini.

Katika mkataba huu wa ubia yapo mambo mawili ambayo mnunuzi wa nyumba nzima haijambo hayamsumbui, bali mnunuzi wa nyumba chakavu yasipoandikwa yatamla.

La kwanza ni pango la nyumba isiyokalika. Pango katika fikihi ni malipo ya manufaa. Nyumba isiyo na paa haina manufaa ya kukaa, na hakuna msingi wa kudai pango la miezi ambayo mpangaji analala kwa shemeji yake. Basi iandikwe kuwa pango linaanza siku nyumba itakapokalika, na itajwe siku hiyo itajulikanaje. Benki nyingi huanza kuhesabu siku fedha zilipotoka; hilo ni la mkopo, si la pango, na mteja ana haki ya kuomba lipelekwe mbele ya bodi ya sharia ya benki hiyo.

La pili ni kubwa zaidi. Paa ni la nani? Matengenezo madogo, kama kitasa na bomba la kunawia, ni ya anayekaa. Matengenezo makubwa ambayo nyumba haisimami bila hayo ni ya mwenye mali, na katika ubia wenye mali ni wawili. Benki yenye hisa 12 katika 16 ina robo tatu ya paa lile bovu. Sasa fikiria: familia inaezeka kwa fedha yake yote, nyumba inapanda thamani, kisha inalipa pango la nyumba nzuri juu ya hisa za benki. Inalipia pango la jasho lake yenyewe! Wako tayari kukubali hayo kwa sababu hakuna aliyewauliza. Njia za haki ziko mbili. Ama benki ichangie ukarabati mkubwa kwa kadiri ya hisa zake, ndipo pango liwe la nyumba iliyokarabatiwa. Ama familia ibebe yote, na ukarabati huo uhesabiwe kuwa mtaji ulioongeza hisa zake, au pango lipimwe kwa hali ya nyumba ilivyokuwa. Nyumba ya vyumba sita Ngamiani, ikiwa nzima, dada anasema hupangishwa kwa 320,000. Hisa 16 kwa 35,000 ni 560,000. Pango hili halikupimwa kwa mtaa, limepimwa kwa kiwango cha riba kilicho sokoni. Wataalamu wa fikihi ya fedha wamekiruhusu kipimo hicho maadamu mkataba wenyewe ni wa pango la kweli, lakini kuruhusiwa hakumzuii mteja kujadiliana, na mimi ningejadiliana kwa sauti.

Tuje kwenye vifaa na ufundi. Kwa ukarabati benki nyingi hutoa murabaha: benki inanunua mbao, bati na saruji, vinakuwa mali yake, kisha inakuuzia kwa faida inayojulikana, ulipe kwa awamu. Bei ya kulipa baadaye kuzidi ya taslimu si riba. Baraza la Kimataifa la Fikihi ya Kiislamu lilithibitisha hilo katika kikao chake cha Jeddah mwaka 1990, na likakataza papo hapo kuongeza deni kwa anayechelewa kulipa. Sharti ni kuwa benki imiliki kwanza. Mtume (s.a.w.) alimkataza Hakim bin Hizam (r.a.) kuuza asichokuwa nacho, na karatasi inayosema benki imenunua bati ambalo bado liko dukani halijatengwa, wala halijulikani ni lipi, haitoshi.

Vifaa vya milioni 9 kwa murabaha ya miaka mitatu, tuseme kwa bei ya milioni 11.7, ni 325,000 kwa mwezi. Na ufundi je? Murabaha huuza bidhaa, na nguvu ya fundi si bidhaa ya kununuliwa na kuuzwa tena. Benki haiwezi kukuuzia saidia fundi. Hapa ndipo watu wema wanapobuni hila: wanachukua saruji mifuko 300 kwa murabaha wakati wanahitaji 100, kisha mifuko 200 wanairudisha kwa mwenye duka kwa bei ya chini ili wapate taslimu ya kumlipa fundi. Kama duka ndilo lililoshirikiana na benki, hiyo ni sura ya ina, ambayo wanazuoni wengi wameikataza. Kama mambo yote hayo yamepangwa na benki yenyewe, hiyo ni tawarruq ya kupangwa, na Baraza lile lile lilisema mwaka 2009 katika kikao cha Sharjah kuwa haijuzu. Saruji imepita tu njiani, haikuwahi kukusudiwa kujenga.

Mkataba unaofaa kazi ya ukarabati kwa asili yake ni istisnaa: unaagiza kazi iliyoelezwa kwa vipimo, paa la namna hii, choo cha namna hii, vifaa na ufundi pamoja, kwa bei moja, na anayeagizwa anakukabidhi kazi iliyokamilika. Benki inaweza kuagizwa nawe, nayo ikamwagiza mkandarasi kwa mkataba wake mbali. Sisi wa mwambao tuliolelewa katika fikihi ya Shafii tutashtuka kidogo, maana kwa Mashafii kuagiza kitu kitengenezwe hufuata masharti ya salam, bei yote ikitolewa kwenye kikao cha mkataba. Rai ya Mahanafi ni pana zaidi, na ndiyo iliyochukuliwa na Baraza la Jeddah mwaka 1992, likaruhusu bei kucheleweshwa yote au kugawanywa kwa awamu. Si kila benki nchini itakubali istisnaa ya choo na paa la nyumba moja. Kazi yake ni ndogo na usumbufu wake mkubwa. Lakini iulizwe kabla ya kuchukua murabaha, kwa sababu inaondoa ule mwanya wa ufundi moja kwa moja.

Ikikataliwa, basi ufundi utoke mkononi. Ndiyo maana nimesema wabakishe milioni 6. Milioni 3.9 ni za mafundi, na milioni 2.1 zinazobaki ni za karatasi na yale ya darini. Fundi alipwe kwa hatua zilizoandikwa, kenchi zikisimama, bati likipigwa, wala asilipwe kwa siku. Na asipewe zote kabla ya mvua ya kwanza. Akiba hiyo, ikiwa imefika kiwango na kutimiza mwaka, itolewe zaka yake hata kama imetengwa kwa ajili ya nyumba. Wengi husahau hilo.

Sasa jumla. Kwa hisa 4 mkononi, mwezi wa kwanza ni pango 420,000, hisa 250,000 na vifaa 325,000. Ni 995,000. Uwezo wao ni 600,000.

Dada yangu, kwa mkataba huu na kwa bei hii, jibu langu ni kwamba msitie saini. Najua umeisubiri nyumba miaka 11, na najua kaka mkubwa amesema yupo mnunuzi mwingine atakayekuja Ijumaa. Mnunuzi wa Ijumaa huwapo siku zote.

Lakini nyumba haijawapotea. Chukueni karatasi ya mafundi, ile ya milioni 12.9, mkawaonyeshe warithi wote, si kaka peke yake, na mzungumze juu ya bei kwa karatasi ile. Bei ikishuka ikafika milioni 42, kila fungu la mirathi ni milioni 7. Kaka wa Muscat ana mafungu mawili, milioni 14. Muulizeni kama ana haja ya fedha sasa, au anaweza kuuza fungu lake kwa malipo ya baadaye, kwa bei iliyo juu kidogo, aanze kulipwa baada ya miaka mitatu deni la vifaa litakapokwisha. Hiyo ni biashara halali kama biashara yoyote. Akikubali, fedha zinazotakiwa kwa benki zinashuka kutoka milioni 36 mpaka milioni 16, na malipo ya mwezi, pamoja na vifaa, yanakaribia uwezo wenu. Huenda benki isipende kuwapo mdai mwingine. Ulizeni kabla ya kuahidi.

Limebaki la dhahabu. Dhahabu ni mali yako. Mahari ni yako na ulichokinunua kwa mshahara wako ni chako, na mume hana ndani yake ila kile unachompa kwa kuridhika, kama ilivyo katika aya ya 4 ya Surat an-Nisaa. Kumpa si vibaya, kuna ujira mkubwa. Kibaya ni kutoa bila kusema umetoa nini. Ni zawadi? Ni mkopo mwema utakaorudishwa? Ni hisa ndani ya nyumba? Mkisema ni hisa, jina lako liingie katika mkataba wa ubia na katika hati, maana siku mmoja wenu atakapofariki, nyumba iliyoandikwa kwa jina la mume itagawanywa yote kwa warithi wake, na wewe utahesabiwa thumni ya mali ambayo sehemu yake ilikuwa yako tangu mwanzo. Wale mabinti wawili wa Ngamiani nao walikuwa na mama, na hatujui bati la kwanza la nyumba ile lilinunuliwa kwa dhahabu ya nani.

Mume wako akiudhika kwa kuulizwa, mpe ukurasa huu asome mwenyewe, na umwambie kuwa aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani ni ya kuandikiana madeni. Kisha mwende wote wawili benki. Muulize afisa maswali matatu, na majibu yake myapate kwa maandishi: pango linaanza lini, paa ni la nani, na ufundi utalipwa kwa mkataba gani. Nikipata majibu hayo nitayachapisha hapa, in shaa Allah, bila kuitaja benki wala jina lako.

Wallahu aalam.